Anayeimba nyumbani hajaahidi kurudi

Tangu Bunge liliporekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, ubishi kuhusu ndugu zetu wa ughaibuni umepata kuni mpya. Na kila ubishi unapopamba moto, hakikosi kipande cha video kinachohama kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine: watu wamevaa makoti mazito, bendera wameitupia mabegani, wanaimba "Tanzania, Tanzania" katika ukumbi wa nchi fulani ya baridi, na wawili watatu wanafuta machozi. Hapa Mwanza maoni hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema waongo hao, kama kweli wanaipenda nchi warudi. Fungu la pili husema tazameni uzalendo ulivyo, wapeni kila wanachotaka, wataleta mitaji.

Naona mafungu yote mawili yameusikia wimbo vibaya. La kwanza limeusikia kama kiapo, kisha likamshitaki mwimbaji kwa kukivunja. La pili limeusikia kama hundi. Wimbo wa mtu anayeitamani nchi yake akiwa mbali haumfungi kurudi, wala haumfungi kulipa. Anachoomba mwimbaji ni kuendelea kuhesabiwa miongoni mwa watu wake wakati hayupo. Ombi hilo tunaweza kulikubali au kulikataa, na sababu nzuri zipo pande zote, ila kwanza tujue tumeombwa nini. Kama kuna watu nchini waliopaswa kulielewa mapema, ni sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria.

Tuanze na wimbo wenyewe, maana tumeuimba mno hata tumeacha kuusikiliza. Waliotutangulia waliuimba kwa jina la Tanganyika. Muungano wa 1964 ulipokuja, jina likabadilishwa na sauti ikabaki ile ile. Mwimbaji anasema akilala anaiota nchi yake. Sasa, nani huota nchi ambayo amelala ndani yake? Mtoto wa shule ya msingi hapa Nyamagana huota mtihani, huota nyoka, huota amechelewa namba, Tanzania haioti. Anayeota nchi ni yule ambaye akifumbua macho haikuti. Ina maana wimbo tunaowafundisha watoto wakiwa wamesimama mstarini, juani, kwenye udongo wa nchi hiyo hiyo, umetungwa kwa kauli ya mtu aliye mbali. Na ubeti mwingine unawakaribisha wasio na kwao, wale waliofukuzwa na walowezi. Wenyeji wa wimbo huu, kwa hiyo, ni aliyeondoka na aliyekimbia. Sisi tuliobaki tumeazima sauti yao, na tumefanya vizuri, kwa sababu mapenzi ya nchi huwa hayasemeki mpaka mtu ajitenge nayo kidogo, hata kwa mawazo tu. Wakimbizi wa Afrika Kusini waliopewa makazi Mazimbu, Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1970, waliimba hamu yao ya kurudi kwao kwa sauti aliyoitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, sauti ile ile ambayo wenyeji wao waliisimamia wima kama wimbo wa taifa. Mgeni analilia kwao, mwenyeji anaombea kwake, na muziki ni mmoja.

Waaustralia wana wimbo wao wa aina hii, na safari yake inatufaa. Mwaka 1980 Peter Allen, mwanamuziki aliyezaliwa Tenterfield katika jimbo la New South Wales na aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitunga "I Still Call Australia Home". Ni wimbo wa mtu aliyezunguka dunia: anaitaja New York, anaitaja Rio, anaitaja London, na baada ya yote hayo kwao kunabaki Australia. Ukapendwa kupita kiasi. Baadaye shirika la ndege la Qantas likauchukua kwa matangazo yake, likaweka kwaya ya watoto na mandhari ya nchi. Allen mwenyewe hakuhamia tena Australia. Alifariki California mwaka 1992. Angekuwa wa kwetu, tungekuwa tumemwita mnafiki tangu beti ya kwanza. Wenzetu hawakumdai kurudi. Lakini kuna mambo mawili hapo ambayo nadhani hayasemwi vya kutosha. La kwanza, hamu ya mtu mmoja iligeuzwa tangazo la kuuza tiketi. Wa mwanzo kunufaika na machozi ya msafiri ni mwenye ndege. La pili, na ndilo zito, walioupenda zaidi wimbo ule ni walio nyumbani. Unawaambia kwamba mtu aliyeziona taa za New York bado anawaona wao ndio bora. Unawasifu kwa kubaki. Ndiyo maana hasira yetu dhidi ya wanaoimba bila kurudi huwa kali kuliko kosa lenyewe: tulishafurahia sifa, halafu tunagundua mtoa sifa hana tiketi ya kurudi.

Upande wa sheria unaweza kuelezwa kwa ufupi. Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Anayechukua uraia wa kigeni kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania. Sheria ya Ardhi ya 1999, kabla ya marekebisho hayo, ilikuwa hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ukiziunganisha hizo mbili, kijana wa Sengerema aliyekwenda kusoma Canada, akaoa huko, akachukua pasipoti ya huko ili mambo ya kazi yamnyookee, alijikuta mbele ya sheria yuko sawa na mtalii aliyekuja kutazama wanyama Kisiwa cha Saanane. Kenya ilishafungua mlango wa uraia pacha kwa Katiba ya 2010, na Uganda ilishabadili Katiba yake mwaka 2005. Sisi tumechagua njia ya katikati: hadhi maalumu, ambayo inalegeza masharti ya kuingia, kukaa na kumiliki ardhi, lakini hairudishi uraia wala haitoi kura. Na tusisahau kwamba hata raia kamili anayeishi ng'ambo, mwenye pasipoti yetu mfukoni, siku ya uchaguzi hana kituo cha kupigia kura huko aliko.

Sasa tuje ziwani. Mji huu ulijengwa na watu waliotoka kwingine. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, pamba ikavuta watu, ushirika uliokua miaka ya 1950 ukavuta wengine, kisha sangara na viwanda vyake wakavuta wengi zaidi. Wasukuma wa Kwimba na Magu, Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wakurya, Waluo, Wahindi na Waarabu wa maduka ya zamani, wote tumebanana kwenye vilima hivi vya mawe. Muulize mtu aliyezaliwa Mabatini kwao ni wapi; atakutajia kijiji ambacho hajawahi kulala zaidi ya wiki. Nenda mwalo wowote, kuanzia Kirumba hadi kambi za visiwani, utakuta wavuvi ambao mwaka huu wako Ukerewe, mwaka ujao wako Muleba, na nyumba ya kudumu wanayoijua ni ile ya mama yao, bara. Ng'ambo ya pili ya ziwa hili hili, mwaka 1987, mahakama za Kenya zilitumia miezi kuamua wakili S. M. Otieno azikwe wapi. Aliishi na kufanya kazi Nairobi. Mjane wake alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo ukamdai, ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Unaweza kuilaumu hukumu ile, na mimi naona mjane alidhulumiwa. Lakini haikutoka hewani. Inatoka kwenye fikra iliyoenea pande zote za ziwa, kwamba unakoishi na kwenu ni vitu viwili, na kimoja hakifuti kingine.

Wasukuma ndio mfano mzito kuliko wote. Karne ya 19, vijana wao pamoja na wa Kinyamwezi walibeba mizigo hadi pwani, safari ya miezi, na nyimbo za njiani zilikuwa sehemu ya kazi kama kamba na fimbo. Miaka ya karibuni zaidi wakahama na ng'ombe: Rukwa, Katavi, Usangu, Kilombero, hadi Lindi. Wamekaa huko vizazi, wamezaa, wamezika. Ngoma zao wamekwenda nazo, lugha wamekwenda nayo, na wakiimba wanataja milima na visima vya Usukuma ambavyo wajukuu wao hawajaviona. Sijawahi kumsikia mtu wa Misungwi akisema hao wanafiki, warudi. Tunajua kwa nini waliondoka: malisho yalikwisha. Tunawahesabu kuwa wetu bila kuwauliza tarehe ya kurudi. Akitokea mwenye kuimba Usukuma kutoka Toronto, ghafla tunadai risiti.

Hapo ndipo hoja ya "angependa angerudi" inapokosa miguu. Ni hoja dhaifu kuliko zote zinazotolewa katika ubishi huu, na ndiyo inayorudiwa zaidi. Inadhani kila aliye mbali ana uwezo wa kurudi, wakati wapo ambao makaratasi yao ya huko hayajakamilika, na wakitoka tu hawaingii tena, ilhali ada za wadogo zao zinalipwa kutoka huko. Wapo katika historia waliozuiwa kabisa: mwanamuziki Miriam Makeba aliondoka Afrika Kusini mwaka 1959, pasipoti yake ikafutwa alipotaka kwenda kumzika mama yake, na hakukanyaga kwao hadi 1990. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba nyimbo zake za nyumbani zilikuwa uongo kwa sababu alikuwa anaishi Guinea. Tena hoja hii humrudia anayeitoa. Anayeandika "rudini" kwa herufi kubwa amekaa Nyakato, anauza vifaa vya ujenzi, na kijijini kwao anakwenda Desemba, siku mbili, gari likiwa limegeuzwa tayari kuondoka.

Wapo wapinzani wenye hoja bora, na hao wanastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayebaki ndiye anayesubiri dawa kwenye foleni, anayetozwa ushuru wa soko, anayeishi na diwani mbovu. Mapenzi ya mbali hayana gharama, na kitu kisicho na gharama kisipewe haki sawa na kilicholipiwa. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Naongeza hata hoja ambayo wenyewe huisahau: hamu huigandisha nchi katika mwaka ambao mtu aliondoka. Kwa miongo mingi aliyetaka kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda Sengerema na Geita alisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa daraja la kilomita 3 lenye jina la John Pombe Magufuli, na foleni ile ikabaki hadithi. Aliyeondoka mwaka 2005 bado anaota kivuko: upepo wa ziwa, sato wa kukaanga, wauza karanga wakikimbizana na mabasi. Aliyebaki anakumbuka mgonjwa aliyezidiwa akisubiri zamu. Au chukua vilima vya Igogo. Ukiwa mbali unaikumbuka taa moja moja ikiwaka jioni kati ya mawe. Ukiwa pale unakumbuka ndoo ya maji kichwani na ngazi zisizokwisha. Zote mbili ni kumbukumbu za kweli. Lakini ukiamua wapi pa kupeleka bomba, umsikilize mwenye ndoo.

Kwa hiyo sisemi hamu impe mtu usemi katika kila jambo. Nasema kuhesabiwa kuna daraja zake, na daraja ya chini kabisa, ile ya kuingia kwenu bila kuonekana mgeni, kurithi shamba la baba yako na kuzikwa unapotaka, haipaswi kudai ushahidi wa marejeo. Kura na uongozi ni daraja nyingine, na huko hoja ya gharama ina uzito wake wote. Tatizo la wapinzani wengi ni kwamba wanatumia hoja nzuri ya daraja ya juu kuzuia haki za daraja ya chini.

Fungu la pili, lile la wanaoshangilia, huwa linapita bila kuguswa kwa sababu linaonekana lina moyo mwema. Tuliguse. Hawa wanaitazama Kenya, ambayo mwaka 2023 ilipokea zaidi ya dola bilioni 4 kutoka kwa watu wake walio nje, wanapiga hesabu, na wanahitimisha kwamba uzalendo ni biashara nzuri. Mkono mtupu haulambwi, wanasema. Lakini fedha ile haina bendera. Haitumwi kwa taifa. Inatumwa kwa mama, kwa ada, kwa matibabu Bugando, kwa kuezeka nyumba ya kijijini kabla masika hayajaanza. Ingetumwa hata kama mtumaji anaichukia serikali, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Ukiigeuza kuwa kipimo cha mapenzi, unamtoa kwenye hesabu yule anayefagia hospitali usiku huko London na hawezi kutuma kitu, ambaye huenda ndiye anayeimba kwa uchungu kuliko wote. Hadhi itakuwa chama cha wenye uwezo wa kununua kiwanja Capri Point. Nilikuwa kwenye msiba mmoja Igoma ambako mtoto wa marehemu, aliye ng'ambo, alifuatilia mazishi kupitia simu iliyoshikwa na mpwa wake. Mchango wake ulisomwa wa kwanza, na watu wakaguna kwa kuridhika. Wasifu wa marehemu uliposomwa, kwenye orodha ya watoto hakutajwa.

Wanaoshangilia wana tatizo jingine, la kisiasa. Wimbo wa hamu unapendwa na kila mwenye mamlaka kwa sababu haulalamiki. Mtu anayeota nchi yake usiku haulizi habari za katiba, ajira za vijana au bei ya pamba. Basi huchezwa redioni, huchezwa kwenye hafla, na aliye mbali husifiwa kuwa balozi wetu. Huyo huyo akiandika kesho yake kwamba jambo fulani nyumbani haliendi sawa, huambiwa anyamaze, hayupo, hajui, ametumwa. Yaani akiimba ni mwenzetu, akihoji ni mgeni. Kwangu hicho ndicho kipimo cha ukweli wa hadhi hii mpya, kuliko ada ya kadi au muda wa kukaa. Tukikubali kumhesabu mtu, tumhesabu pamoja na lawama zake. Anaweza kuwa amekosea, kwa sababu ile ile ya kuganda niliyoitaja, na atajibiwa kwa hoja. Lakini kukosea ni haki ya wa nyumbani pia, na sisi tuliopo hatujaacha kuitumia.

Ipo pia hesabu ya karibu zaidi, ambayo ubishi wa pasipoti unaifunika. Mwaka 2006 na 2007, wafugaji waliondolewa Ihefu, bonde la Usangu, wengi wao Wasukuma, wakaelekezwa Lindi na Pwani. Zilikuwepo sababu za mazingira, na Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kweli. Lakini neno lililowasindikiza kila walikopita lilikuwa "rudini kwenu", wakiambiwa raia waliokuwa ndani ya nchi yao, na hadi leo hulisikia Kilombero na kwingineko kila mvutano wa malisho unapozuka. Mwanza tuliwaonea huruma kwa vile ni ndugu, kisha tukarudi kubishana juu ya mtu wa Toronto. Hao hawahitaji hadhi maalumu wala marekebisho ya sheria yoyote. Ibara ya 17 ya Katiba ya 1977 inampa kila raia haki ya kwenda kokote katika Jamhuri ya Muungano na kuishi sehemu yoyote, na pia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Mbunge wa Kanda ya Ziwa anayetaka kusimama bungeni kuwatetea watu wetu walio mbali angeanza na hao, kwa sababu wako mbali bila kuvuka mpaka wowote, na haki yao ilishaandikwa.